Baridi Mbele ya Tanuri

Bushta ndiye aliyekuwa mwoka mikate wa mtaa wetu, huku juu mji mkongwe wa Taza, Moroko, na kabla yake baba yake. Sisi wanawake tunakanda unga nyumbani, tunaipanga mikate kwenye ubao, tunaifunika kitambaa na kumpelekea. Mikate ya mtaa mzima inaingia tanuri moja, na hajawahi kumpa mtu mkate wa mwenzake. Anautazama tu ukiwa mbichi, anajua ni wa nyumba gani.

"Jirani," aliniambia siku moja, "leo umekanda kwa hasira. Mzee wako amefanya nini?"

"Unajuaje?"

"Unga umepigwa huu. Haukukandwa, umepigwa."

Nyumba nzima ya tanuri ikacheka. Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa miraba minne, mikono ya shati imekunjwa hata Januari, sauti inasikika mpaka msikitini. Mkewe, Ghizlan, alikuwa mdogo wa mwili lakini mkali wa ulimi, na walipendana kwa kurushiana maneno. Walikuwa na binti mmoja, Nisrin, ndiyo kwanza anajifunza kutamka jina lake. Waliishi juu ya tanuri pamoja na mama yake Bushta, Lalla Mannana. Mdogo wake, Milud, alikuwa na kibanda cha simu chini mji mpya, na alipanda kuja kula siku za Ijumaa.

Ajali ilimkuta msimu wa zeituni. Alikuwa ametoka kuagiza mashudu ya zeituni ya kuwashia moto, anarudi kwa pikipiki, na kwenye mteremko wa kuingia mjini lori likampiga kumbo. Helmeti ilikuwa nyumbani, imetundikwa kwenye msumari. Aliangukia paji la uso kwenye ukingo wa barabara, fuvu likapasuka mpaka chini. Walimkimbiza hospitali ya Fes, akalazwa chumba cha mahututi, na kwa wiki kadhaa hakumjua mtu. Ghizlan alilala kwenye mabenchi ya korido kwa zamu na mama mkwe wake. Siku Bushta alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichotaka ni maji. Akanywa chupa nzima, akataka nyingine, akawa anakunywa na kukojoa kutwa kucha. Muuguzi akasema ni kichwa kimetikisika, itapita. Kweli ikapita, nasi tukaisahau.

Alirudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Tukachinja kondoo, tukapika kuskusi ya mtaa mzima, Lalla Mannana akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Bushta alikaa katikati yetu, kovu jekundu pajini, anatabasamu taratibu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Tulisema amechoka. Nani asingechoka?

Uchovu ule haukuondoka. Nilimpelekea mikate asubuhi moja ya Februari nikamkuta mbele ya mdomo wa tanuri, moto unanguruma, naye amevaa jalaba, kanzu nzito ya sufi, kofia yake imefunika mpaka macho, anatetemeka.

"Bushta! Umejifunika hivyo mbele ya moto?"

"Nasikia baridi, dada."

"Baridi? Hapa hata shetani angevua shati."

Nilingoja anijibu. Bushta niliyemjua asingeliacha neno kama lile lipite bure. Akachukua ubao wangu, akausogeza pembeni, akakaa chini kwenye gunia. Siku hiyo mikate yangu ilitoka myeusi upande mmoja, mbichi upande wa pili, na nusu yake ilikuwa ya mke wa seremala.

Baada ya hapo mambo yalikwenda chini polepole, kama ukuta unaonyonya maji. Alilala saa zote na akaamka amechoka zaidi. Akiinuka, kizunguzungu. Chakula hakitaki, isipokuwa zeituni za chumvi, ambazo alizila mpaka akalamba vidole. Kinyozi alimwita kwa utani, "Bushta, njoo nikunyoe," kisha akampapasa shavu, utani ukamwishia mdomoni. Ndevu zilikuwa zimeacha kuota. Shavu lilikuwa laini, jeupe, lina mikunjo midogo kama karatasi.

Ghizlan akashika tanuri. Alifunga kitambaa kichwani, akakamata ule ubao mrefu wa kuingizia mikate, ambao ulimzidi urefu mara mbili, akaanza kuunguza vidole. Mtaa ulisema yake. Wengine walimwonea huruma, wengine wakapata la kuchekea.

"Leo mkate wangu umetoka mweusi kama roho ya mama mkwe wangu," alisema mmoja.

"Ulete kesho," Ghizlan akajibu bila kugeuka, "nitakutolea mweupe kama mvi zako."

Ulimi bado ulikuwa mkali, lakini macho yalikuwa yameingia ndani.

Milud alikuja Ijumaa, akamkuta kaka yake amelala na mwanamke yuko motoni. "Kaka, umepewa likizo na nani?" akapaza sauti ili walioko chini wasikie. "Mke anaungua, dume limelala kama paka wa msikitini! Kuanguka na pikipiki umeanguka wewe peke yako nchi hii?"

Bushta alijivutia blanketi. "Siwezi, Milud."

"Huwezi au hutaki?"

"Sijui," akasema Bushta, na nadhani kweli alikuwa hajui.

Juu ya paa, tulipokuwa tunaanika nguo, Ghizlan aliniambia lile ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alianza kwa kukamua shati ambalo lilikwisha kamuliwa.

"Tunalala kama ndugu," akasema. "Tangu arudi. Mwanzo nilisema ni maumivu. Sasa hata mkono wangu haushiki. Nikimgusa anageukia ukutani, analia bila sauti. Na kule chini, mama yake kila siku ananiuliza Nisrin atapata lini mdogo wake."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwanawe si mwanamume tena? Bora anitukane mimi."

Na kweli alimtukana. Lalla Mannana hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa anamwona mwanawe akiyeyuka mbele yake, na mtu akikosa wa kumshika humshika aliye karibu. Alianza kupekua jikoni. Akanusa mitungi ya viungo, akamwaga chungu kizima cha asali kwenye mtaro. "Umemlisha nini mwanangu?" alimuuliza Ghizlan mbele yetu sisi wateja. "Wanawake wa kwenu Tahla tunawajua." Alimpeleka Bushta kwenye kaburi la walii, akamvalisha hirizi, akamfukiza ubani mpaka akakohoa machozi.

Ghizlan naye akampeleka kwa daktari. Wa kwanza alisema ni huzuni inayofuata ajali, akampa vidonge vya kumtuliza. Mtu anayelala mchana kutwa akapewa dawa ya usingizi! Wa pili alimtoa damu, akamwita Ghizlan akamwambia amekwisha kuona tatizo: tezi ya shingo imelegea, ndiyo maana ya baridi na uchovu. Akampa vidonge. Ghizlan alirudi akipanda ngazi mbio kama msichana. "Nimeambiwa ina dawa! Ina dawa, mama!" Hata Lalla Mannana alimbusu siku ile.

Bushta alivimeza vidonge vile, na badala ya kupanda akashuka. Akaanza kutapika asubuhi. Miguu ikawa haimbebi, akawa anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Jasho la baridi likawa linamtoka akiwa amekaa tu. "Dawa inapambana na ugonjwa," tukasema, kwa kuwa mtu lazima aseme kitu.

Siku moja alimwita Ghizlan akae kando yake. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitakuacha kwa wema," akamwambia. "Bado u kijana. Rudi kwenu na mtoto, utapata mtu. Mimi nimeshakufa, wamesahau tu kunizika."

"Sema tena hivyo nikupige na ubao wa mikate."

"Nipige. Labda nitasikia kitu."

Ghizlan alinisimulia hayo akiwa amekaa kwenye gunia la mashudu, mikono imejaa malengelenge. Wiki ile alimpeleka Nisrin kwa bibi yake, huko Tahla, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kumwogopa baba yake. Kisha akaanza kukunja nguo zake mwenyewe. Sikumlaumu. Nani angemlaumu? Alikuwa amepigana na moto, na ugonjwa, na watu, na aliyempigania alikuwa amemwambia aende.

Homa ya mafua ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Watoto walikohoa siku mbili, wakapona, wakarudi kucheza. Bushta ikamwangusha. Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, nilisikia kishindo kwenye ngazi, kisha ukelele wa Ghizlan. Nilimkuta Bushta amelala kati ya ngazi na mlango, matapishi kifuani, ngozi ya kijivu, mikono baridi kama samaki. Ghizlan alikuwa amekishika kichwa chake mapajani.

"Bushta, ni mimi."

"Mama," alimwambia yeye, mkewe, "fungua mlango, baba anagonga." Baba yake ana miaka mingi kaburini.

Lalla Mannana alishuka, na jicho lake likaangukia furushi la nguo lililokuwa mlangoni. "Ala! Umemmaliza, sasa unakimbia!"

"Mama, si wakati huu. Tuite teksi."

"Hatoki hapa! Umempeleka kwa madaktari wako, ona walivyomfanya!"

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Milud akaja, nyuma yake faqihi wa mtaa, mzee anayesomea wagonjwa, ambaye Lalla Mannana alikuwa amemwomba aje baada ya sala. Milud akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo. "Atasomewa kwanza. Hili jambo si la hospitali. Unaona anaongea na wafu?"

Ghizlan aliinuka. Hakumfikia Milud hata begani. "Msomee ndani ya teksi!" akapiga ukelele, na nilidhani mishipa ya shingo itakatika. "Msomee Kurani yote, msomee na mimi! Lakini msomee ndani ya teksi! Akifia kwenye ngazi hizi, Milud, wallahi nitakaa mlangoni kwako mpaka Kiyama nikuite jina lako!"

Faqihi alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa Bushta. Akaugeuza, akaubonyeza, akainua uso. "Mwanamke anasema kweli," akasema. "Mbebeni. Nitasoma njiani."

Basi tukaenda hivyo: Bushta amelazwa kiti cha nyuma, kichwa kwa mkewe na miguu kwa mama yake, mimi nimejibana pembeni, faqihi mbele na dereva, anasoma kwa sauti na kumwambia dereva kati ya aya na aya, "Kanyaga, mwanangu, kanyaga."

Hospitalini tuliambiwa tungoje zamu. Ghizlan hakungoja. Alimsukuma mumewe kwenye kitanda cha magurudumu mpaka katikati ya chumba cha dharura, akasimama hapo akipiga kelele mpaka daktari akatoka, msichana wa umri wake, mkate umeng'atwa nusu mkononi. Daktari Wiam. Aliuweka mkate kwenye ukingo wa dirisha, akampima Bushta presha, akapima tena kana kwamba haamini kifaa. Akamchoma kidole. Sukari ilikuwa karibu haipo.

"Anakunywa dawa gani?"

Ghizlan akatoa pakiti ya vidonge vya tezi ya shingo. Daktari akaisoma, uso ukabadilika. "Hizi tu? Hakupewa nyingine pamoja nazo?"

"Hizi tu."

Kidole chake kikaenda kwenye kovu pajini. "Hii ni ya lini?"

"Ajali. Msimu wa zeituni uliopita. Alilala wiki nyingi bila fahamu."

"Baada ya kuamka, alikuwa anakunywa maji mengi kupita kiasi?"

Ghizlan na mama mkwe wakatazamana. "Ndiyo," wakasema pamoja.

"Anasikia baridi? Ndevu mara ya mwisho kanyoa lini?"

"Hazioti tena."

"Na ninyi wawili, kama mke na mume, mko vipi?"

Ghizlan akamwangalia mama mkwe wake. Faqihi aligeuka akatoka nje, Mungu amlipe. Lalla Mannana alibaki pale pale, ameshika miguu ya mwanawe.

"Daktari... mbele ya mama yake?"

"Dada, mumeo anakufa. Niambie."

"Hakuna," akasema Ghizlan, akiangalia sakafu. "Tangu ajali hakuna kitu. Hata hamu hana."

Daktari Wiam hakusubiri neno lingine. Alimwagiza muuguzi dripu ya maji ya chumvi na sukari, akatoa damu kwa ajili ya vipimo, na kabla damu haijafika hata maabara alikuwa amemchoma sindano mwenyewe mkononi. "Nikisubiri majibu tutamzika na majibu," akasema.

Tulikaa korido. Lalla Mannana alikuwa anauangalia ukuta, midomo inachezacheza. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Na mimi kila siku nakudai mjukuu."

Ghizlan alikuwa anabandua ngozi iliyoungua viganjani.

Kabla ya magharibi muuguzi alituita. Bushta alikuwa ameegemea mto. Rangi ilikuwa imerudi midomoni. Alimwangalia mkewe, akasema, "Ghizlan, mbona umekonda hivyo?" Kisha akasema ana njaa, anataka bisara, ile supu nzito ya maharage, yenye mafuta ya zeituni mengi na bizari juu. Tangu majira ya baridi hakuwa ametaja chakula. Lalla Mannana alitoka nje kwenda kuitafuta bila kuuliza inauzwa wapi.

Daktari akatueleza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, nayo ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine: ya shingo, zilizo juu ya figo, za uzazi. Kichwa kilipopigwa, ile njegere iliumia, ndiyo ile kiu ya siku za kwanza, ikanyauka taratibu, na homoni zikakauka moja baada ya nyingine. Iliyokuwa inamuua zaidi ni ile inayotoka juu ya figo, inayompa mtu nguvu ya kusimama mbele ya homa au jeraha. Ile inatakiwa irudishwe kwanza, na ndiyo iliyokuwa kwenye ile sindano. "Kumpa dawa ya shingo peke yake," akasema, "ni kumchapa akimbie punda ambaye hajalishwa."

"Atapona?" aliuliza Ghizlan.

"Tezi haitapona. Atakunywa dawa maisha yake yote. Akiacha siku mbili, mtarudi hapa, au hamtafika."

Bushta alikuwa anasikiliza. "Daktari," akasema, "kwa hiyo sikuwa mvivu?"

"Hukuwa mvivu."

"Sema tena."

"Hukuwa mvivu, kaka. Ulikuwa mgonjwa sana."

Akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa akalia, safari hii kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa.

Ningependa kusema Bushta wa zamani alirudi. Alirudi nusu. Vipimo vya Fes vilionyesha karibu kila kitu kimekufa, na kila kilichokufa kikapata sindano yake au kidonge chake. Ndevu ziliota tena, chache. Alishuka kwenye tanuri asubuhi, adhuhuri akapanda kulala, na Ghizlan akamalizia. Husahau majina. Hukasirika ghafla, akavunja kitu, kisha akakaa anakiangalia alichovunja. Milud huleta dawa kutoka mji mpya, anaiweka mezani na kuondoka, na lile neno lake la paka hajawahi kuliombea radhi. Nisrin alirudi nyumbani, ilimchukua muda kumkaribia baba yake.

Nguo za Ghizlan zilirudi kabatini, lakini hakuzungumza na mama mkwe wake ila kwa mambo ya lazima. Lalla Mannana alimshika mkono siku moja mbele yangu. "Nisamehe, binti yangu."

"Mdomoni nimekusamehe, Lalla," Ghizlan akamwambia. "Moyoni bado. Nipe muda."

Ramadhani ilipoingia, daktari alimkataza Bushta kufunga. Akasema sawa, kisha akafunga kwa siri. Aliona haya, mtu mzima mwenye ndevu, kula mchana, hasa sasa kwa kuwa anazo tena. Vidonge vya mchana akavificha mfukoni. Siku ya tatu, alasiri, Ghizlan alimkuta sakafuni, kijivu kama siku ile. Alikuwa na sindano ya dharura aliyofundishwa kuichoma, imekaa jokofuni kando ya siagi. Chupa ikamponyoka. Lalla Mannana akaiokota, akampa, akauzuia mguu wa mwanawe kwa uzito wake wote.

"Choma, binti. Nimemshika."

Akachoma pajani. Wakakaa sakafuni wote wawili, kila mmoja upande wake, wakimwita jina, mpaka akafumbua macho. Nilipofika na mikate yangu ya futari, Lalla Mannana alikuwa amemwekea sinia mchana kweupe, anammegea mkate vipande, yeye mwenyewe midomo imekauka kwa saumu.

"Watu wataniona," Bushta akasema.

"Waone," akasema mama yake. "Kula. Kama ni dhambi niandikiwe mimi."

"Hakuna dhambi hapa, mama," akasema Ghizlan. Akasogeza bakuli karibu naye. "Kula, Bushta, kabla sijakulisha kwa nguvu."

Akala. Mimi nikaweka ubao wangu wa mikate chini, nikafunga mlango, nikakaa nao.